Gigabaiti 69 Zimekwenda Wapi?

Katika mkutano wetu uliopita wanachama watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakauliza juu ya diski ya Chama. Walioketi nyuma huenda hawakusikia vizuri, maana mvua ilikuwa ikipiga mabati, basi twaeleza tena hapa jambo lenyewe. Chama kilinunua diski ya kompyuta ya kuwekea daftari la wanachama, ramani za mashamba, na picha za mikarafuu tuliyoihesabu shamba kwa shamba. Juu ya kasha lake imeandikwa 1 TB, yaani terabaiti moja, ambayo ni gigabaiti 1,000. Ilipochomekwa katika kompyuta ya ofisi, mbele ya Halmashauri, kompyuta ikaonyesha 931. Nayo ilikuwa bado haijatiwa hata picha moja.

Gigabaiti 69 si kitu kidogo. Picha ya simu za siku hizi aghalabu ni megabaiti tatu au nne, basi mahali palipokosekana pangetosha picha zaidi ya 15,000. Aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza.

Wala tusifiche yaliyosemwa baadaye. Diski ile ililetwa na karani wetu alipokuwa akirudi likizo kwao Gwarama, huko bara, Mkoa wa Kigoma. Aliinunua Kigoma mjini kwa fedha za Chama, akaleta na risiti. Baada ya mkutano maneno yakaanza kupita chini kwa chini, barazani na penye majamvi ya kuanikia, kwamba kijana wa bara amebadili diski njiani, ile kubwa ameiuza na hii ndogo ndiyo aliyotuletea. Mwanachama mmoja aliandika barua akitaka fedha zikatwe katika mshahara wake. Karani mwenyewe hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Wazee wangu, mimi naweza kueleza, lakini nikieleza mimi mtasema najitetea. Bora mkaulize kwingine."

Halmashauri ikaona maneno hayo ni ya haki. Na kwa kuwa mwezi ule ule karani alikuwa anaoa kwao, na sisi wawili tulikwisha kualikwa arusini, tuliagizwa tuichukue diski tuipitishe katika duka lile lile ilikonunuliwa. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda gari moshi la Reli ya Kati mpaka Kigoma. Dukani tulimkuta kijana mpole. Tulimpa diski na risiti, akaitazama, akasema, "Zote ziko hivyo, mzee." Tukamwambia jibu hilo halitatufikisha mbali mbele ya wanachama. Basi akafungua kasha jipya mbele yetu, la namna ile ile, akaichomeka diski yake: 931. Akafungua la kiwanda kingine, nayo 931. Tulipomuuliza sababu akacheka, akasema yeye huuza tu.

Tukaondoka na mashaka nusu. Kama zote ni 931, basi karani wetu hakubadili kitu; lakini yawezekana kuwa viwanda vyote vya dunia vimekubaliana kutupunja. Tukiwa na mawazo hayo tulipanda basi, tukapita Kasulu na Kibondo, tukafika Gwarama. Kwa wasiopajua, mahali hapo zamani palikuwa katika Wilaya ya Kibondo, na tangu mwaka 2012 pamo katika Wilaya ya Kakonko. Ni nchi ya juu, yenye baridi asubuhi, na watu wake hulima maharage, mahindi, mihogo na migomba. Mkarafuu hawaujui ila kwa chembe mbili tatu zilizomo katika chai. Walitupokea vizuri mno, na kwa hayo twawashukuru.

Siku ya pili tulikwenda gulioni pamoja na baba yake karani. Pale palikuwa na maharage katika magunia, na mmoja wetu, kwa ajili ya mazoea ya biashara, akauliza bei. Mtu wa kwanza akataja bei ya gunia. Mtu wa pili, aliyekuwa hatua kumi tu kutoka kwa yule, akataja bei ya juu zaidi sana. Mwenzetu akasema kwa sauti kwamba huyu wa pili ni mlanguzi. Mzee akamshika mkono, akamwambia, "Hapana bwana, usimlaumu. Gunia ni jina tu. Uliza debe ngapi." Tukauliza. La kwanza lilikuwa la debe sita. La pili lilikuwa la debe saba, limeongezwa kichwa juu na kushonwa kwa kamba. Ndiyo lumbesa, ambayo wakulima wa bara wamepigana nayo miaka mingi, na sheria ya vipimo ya Tanzania Bara yaikataza, ikitaka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Nayo bado yaonekana, kwa kuwa mnunuzi apenda gunia kubwa kwa bei ya gunia dogo. (Mambo ya lumbesa yangefaa makala yake peke yake, na huenda tukaiandika siku moja.)

Lakini hebu tazameni jambo lilivyo. Mtu mwenye debe 42 za maharage akizitia katika magunia ya debe sita atapata magunia saba. Akizitia katika magunia ya debe saba atapata sita. Gunia moja limekwenda wapi? Halikwenda popote. Hapana hata chembe ya haragwe iliyopotea. Kipimo ndicho kilichobadilika, na jina limebaki lile lile.

Nasi wa visiwani tusijifanye wageni wa neno hili. Wazee wetu walijua kibaba cha mfuto, kilichopitishwa mkono juu kikawa sawasawa, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kilima chake. Vibaba vinne ni pishi, lakini pishi ipi? Wachumaji wamegombana na wenye mashamba kwa ajili ya kilima hicho tangu kabla sisi hatujazaliwa.

Diski ya Chama ndivyo ilivyo. Aliyeiuza alihesabu kwa mfuto, na kompyuta yetu yahesabu kwa tele.

Sasa tueleze hesabu yenyewe, na anayechoka na tarakimu aruke mpaka mbele kidogo. Kitu kinachohesabiwa ni baiti. Baiti moja ni mahali pa kuweka herufi moja ya kawaida. Neno karafuu lina baiti saba. Watengenezaji wa diski huhesabu baiti kama tuhesabuvyo fedha na kilo: baiti 1,000 ni kilobaiti, kilobaiti 1,000 ni megabaiti, megabaiti 1,000 ni gigabaiti, na gigabaiti 1,000 ni terabaiti. Basi katika terabaiti moja mna baiti 1,000,000,000,000, yaani trilioni moja.

Kompyuta walakini haina vidole kumi. Ndani yake kila kitu kina hali mbili tu, umeme upo au haupo, mfano wa swichi ya taa, na kwa hiyo hesabu zake hukua kwa maradufu: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1,024. Wahandisi wa zamani waliona kuwa 1,024 iko karibu sana na 1,000, na kwa kuwa kilo maana yake ni elfu, wakaiita 1,024 hiyo kilobaiti kwa wepesi wa kusema. Wakati ule haikuwa na madhara, maana tofauti ni baiti 24 tu kwa kila 1,000. Lakini kosa dogo likizidishwa kwa nafsi yake hukua. Megabaiti ya namna hiyo ni 1,024 mara 1,024, yaani 1,048,576, na tofauti imekuwa karibu 5 kwa 100. Gigabaiti ni 1,073,741,824, tofauti zaidi ya 7 kwa 100. Terabaiti yakaribia 10 kwa 100. Kila diski zinapokua, pengo nalo lazidi kuonekana, na ndiyo sababu watu wa zamani hawakulalamika kama sisi.

Basi chukua baiti trilioni moja za muuzaji, uzigawe kwa 1,073,741,824, ambayo ndiyo gigabaiti ya kompyuta ya ofisi. Jawabu ni 931 na kitu kidogo. Hiyo ndiyo 931 yetu.

Ushahidi ulikuwa ndani ya kompyuta yetu wenyewe siku zote, nasi hatukuutazama. Ukibofya jina la diski kwa kitufe cha kulia, ukafungua ukurasa wa sifa zake, Windows huandika ukubwa mara mbili katika mstari mmoja: kwanza kwa baiti, tarakimu zote, kisha kwa gigabaiti. Katika diski yetu tarakimu ndefu ni trilioni moja na ziada kidogo; kando yake ndipo palipoandikwa 931 GB. Diski ni moja, nayo imepimwa kwa vipimo viwili. Kama karani angaliiba gigabaiti 69, tarakimu ndefu isingalifika trilioni.

Na Gwarama tulipata ushahidi wa pili bila kuutafuta. Mpiga picha wa arusi alikuwa na kompyuta ya Apple, na usiku wa arusi tulimwomba aichomeke diski yetu. Ikaonyesha 1 TB, kamili. Mmoja wetu aliruka kwa furaha mpaka watu wakadhani kuna nyoka. Sababu yake ni kwamba Apple mwaka 2009, katika mfumo wake wa Mac OS X 10.6, iliacha kuhesabu kwa 1,024 ikaanza kuhesabu kwa 1,000 kama wenye viwanda. Windows haikubadili. Diski ilitoka katika kompyuta ya Apple ikarudi katika yetu, ikawa 931 tena.

Wataalamu wa dunia walikwisha kuliona tatizo hili. Mwezi wa Desemba 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ijulikanayo kwa herufi IEC, ilitoa majina mapya ya vipimo vya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Kwa majina hayo diski yetu ni gigabaiti 1,000 au gibibaiti 931, na ugomvi umekwisha. Lakini kutoa jina ni jambo moja, na watu kulitumia ni lingine. Windows mpaka leo yahesabu kwa gibibaiti na kuandika GB. Sisi twaona hapo ndipo penye lawama, zaidi ya viwandani.

Huko Marekani wanunuzi walikwenda mahakamani. Kampuni ya Western Digital ilipatana na washitaki wake mwaka 2006, na Seagate mwaka 2007. Lakini shauri kama hilo juu ya SanDisk lilitupwa na mahakama ya California mwaka 2020, kwa kuwa kasha lilieleza wazi kwamba GB 1 ni baiti bilioni moja. Kasha la diski yetu nalo lina maneno hayo hayo, kwa herufi ndogo sana upande wa chini. Tulihitaji miwani, lakini yamo. Wala wenye viwanda hawakuanza jana kuhesabu hivyo. Diski ya kwanza iliyouzwa kwa biashara, RAMAC ya IBM ya mwaka 1956, yenye sahani 50 za upana wa inchi 24, ilisemwa kuwa yachukua herufi milioni tano, na milioni ilikuwa milioni. Kituko kikubwa ni zile diski laini za plastiki ambazo baadhi yenu mwazikumbuka, zilizoandikwa MB 1.44. Ndani mlikuwa na baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024: nusu ya hesabu kwa mfuto na nusu kwa tele!

Kwa matumizi ya nyumbani, chukueni kanuni hii nyepesi. Katika kila gigabaiti 100 zilizoandikwa juu ya kasha, ondoa 7, na hicho ndicho Windows itakachokuonyesha. Fleshi ya 16 itaonyesha 14.9, ya 32 itaonyesha 29.8, ya 64 itaonyesha 59.6, na diski ya 500 itaonyesha 465. Ikipungua kidogo zaidi ya hapo msishangae, maana kila diski huweka daftari lake la kuonyesha kipi kimewekwa wapi, nalo lahitaji ukurasa.

Pana jambo la pili, ambalo mtu wa ghala atalielewa upesi kuliko mtu wa kompyuta. Tuseme ghalani pana sheria kwamba karafuu za watu wawili hazichanganywi gunia moja. Bwana mwenye frasila tano atatumia magunia yake yakajaa. Lakini bibi aliyeleta pishi moja naye apewa gunia zima, nalo lakaa karibu tupu na kushika mahali pake. Diski hufanya vivyo hivyo. Mahali pake pamegawanywa katika vifungu vya ukubwa mmoja, na faili mbili haziingii katika kifungu kimoja. Katika diski iliyofomatiwa kwa namna ya kawaida ya Windows, iitwayo NTFS, kifungu ni baiti 4,096. Lakini diski kubwa za kubebeka zikifomatiwa kwa namna iitwayo exFAT, kifungu aghalabu ni kilobaiti 128. Sasa tuseme tuna kadi 4,000 za wanachama, kila moja ya kilobaiti mbili. Maneno yenyewe ni kilobaiti 8,000, karibu megabaiti nane, lakini mahali zilipokaa ni megabaiti 500. Ndiyo maana katika ukurasa wa sifa za faili mtaona mistari miwili, ukubwa wa faili na ukubwa wake juu ya diski. Dawa ni kuziweka kadi zote katika daftari moja, kama karani alivyokwisha kuanza kufanya.

Jambo la tatu lawahusu wanaonunua kompyuta mpya kwa ajili ya watoto wa skuli. Ukinunua yenye GB 256, kwanza itaonyesha 238 kwa ile hesabu ya mfuto na tele. Halafu ndani ya hizo mna Windows yenyewe, mna sehemu iliyofichwa ya kuirudishia uzima ikiharibika, mna faili kubwa ya kuhifadhi kazi kompyuta inapolala, na tangu mwaka 2019 Windows yaweza kujiwekea akiba yake ya gigabaiti saba hivi kwa ajili ya matengenezo. Hayo hakuyala mtu. Kadhalika vitu ulivyovifuta huwa bado vimo katika kikapu cha taka mpaka ukimwage. Tumeona kompyuta ya mwanachama mmoja iliyokuwa imejaa pomoni, na robo yake ilikuwa taka.

Hata hivyo wezi wapo, na hapa twawaomba msome polepole. Zauzwa fleshi na kadi za simu zilizoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya kikombe cha chai na maandazi. Ndani yake huenda mna gigabaiti chache tu, lakini zimetiwa uongo zikaambia kompyuta ukubwa wowote alioutaka mwenye kughushi. Basi mtu aliyezoea kushuku 931 huiona namba kubwa akafurahi. Hutia picha zake, na za mwanzo zafunguka vizuri. Kile kidogo kilichomo kikijaa, fleshi haisemi kuwa imejaa. Yaendelea kupokea na kutupa, au yaandika juu ya vya zamani, na mwenyewe hajui mpaka siku aitakayo picha ya marehemu baba yake akaikosa. Diski ya kweli ilitutia mashaka kwa kuonyesha pungufu, na hii ya wizi haionyeshi upungufu wowote. Njia ya kuijua ni kuijaza yote kisha kusoma tena kila kilichoandikwa. Iko programu ya bure iitwayo H2testw kwa Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa Linux na Apple, zinazofanya kazi hiyo zenyewe. Fleshi ikiwa kubwa yaweza kuchukua saa nyingi, basi ianzeni jioni mlale.

Diski ya Chama tuliijaribu kwa H2testw tuliporudi. Ilichukua usiku kucha na sehemu ya asubuhi. Iliandikwa mpaka ikajaa, ikasomwa yote, na hapakuonekana kosa hata moja. Matokeo yamebandikwa ofisini karibu na orodha ya bei za karafuu.

Halmashauri imekata maneno hivi. Mshahara wa karani haukatwi, na barua iliyotaka ukatwe imerudishwa kwa mwandishi wake, naye ameipokea na amekwenda mwenyewe nyumbani kwa karani. Sisi nasi twamwomba radhi karani hapa, kwa maandishi, kwa kuwa tulinyamaza siku zile maneno yalipokuwa yakipita, hali tulijua ametuwekea hesabu zetu kwa miaka bila senti moja kukosekana. Tangu sasa kila kifaa cha kuwekea kumbukumbu kitakachonunuliwa kitaandikwa katika daftari la mali kwa baiti, tarakimu zote, na mbele yake namba ionyeshwayo na kompyuta ya ofisi.

Karani na mkewe wamekwisha kufika. Ofisi itapima fleshi na kadi za wanachama kila Jumamosi asubuhi kabla ya adhuhuri, bila malipo. Mwenye kuleta afunge jina lake kwa uzi au karatasi, maana zafanana sana, na kwanza atoe vitu vyake vyote awekee kwingine, kwa kuwa katika kujaribiwa yahitaji fleshi iwe tupu.